Chai ya Mzee wa Storr

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la ulimi. Mama mkwe alipokuja Glasgow kututembelea kutoka Lushoto, nilimwambia kwamba shule zikifungwa tutakwenda kisiwa cha Skye, tulale siku tatu, na siku moja tupande mlimani kumwona Mzee wa Storr.

"Ni mzee sana?" akauliza.

"Sana, mama."

"Na yuko peke yake huko juu?"

Nilidhani ananitania, lakini mama mkwe haulizwi kama anatania. Nikasema ndiyo, yuko peke yake, ila wageni hawakauki kwake. Akatikisa kichwa kwa huruma, maneno yakaishia hapo.

Kijitabu cha matembezi kilidai njia hiyo inafaa kwa familia: karibu kilomita 4 kwenda na kurudi, kupanda kiasi cha mita 300. Mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Kwetu mwinuko wa maana ni tuta la barabarani. Nilipiga hesabu ya kilomita tu, zile mita za kwenda juu nikazipuuza, nikamwambia mke wangu kwamba kabla ya adhuhuri tutakuwa tumesharudi. Kijitabu hakikusema inafaa kwa familia ya nani. Baadaye nilikuja kuona familia yenyewe iliyokusudiwa: ina mtoto wa miaka minne asiye na kofia, mvua inampiga ubavuni, naye anakula tufaha.

Safari ya gari kutoka Glasgow ilituchukua saa sita pamoja na vituo vya kutapika. Zamani watu walivuka kwa kivuko. Tangu 1995 kuna daraja. Ukishavuka na kuingia ndani ya kisiwa, barabara nyingi zinakuwa nyembamba, upana wa gari moja, na kila baada ya kitambo pana kijisehemu cha kupishana. Anayepishwa hunyanyua mkono kushukuru, na anayepisha naye hujibu. Mama mkwe amezoea kona za Mombo hadi Lushoto, kwa hiyo barabara haikumshtua. Kilichomshangaza ni mikono. Mwanzo aliuliza, "Na huyu unamjua?" Ilipofika kama gari la ishirini akamgeukia binti yake, akasema kwa sauti ya chini lakini yenye fahari, "Kumbe mumeo anajulikana huku." Sikumsahihisha.

Usiku ulitushinda, maana haukuja. Mwanzoni mwa Julai jua la Skye huzama baada ya saa 4 usiku. Watoto walikataa kulala kwa hoja ambayo mimi mwenyewe niliwafundisha, kwamba mtu hulala giza likiingia. Mama alikaa na udhu wake akisubiri magharibi, kila dakika kumi ananiambia, "Baba, hebu chungulia." Nami kwa utiifu nikifungua dirisha kuchungulia jua.

Dirisha lile ndilo lililoingiza visubi. Nani asiyewajua mbu? Mbu ana adabu, huja mmoja mmoja tena hupiga hodi sikioni. Kisubi wa Uskoti ni mdogo kuliko ufuta, hana sauti, na huja na ukoo mzima. Hupenda jioni tulivu isiyo na upepo, na anayeuma ni jike tu. Jambo hili nilimweleza mke wangu, nikaona kwa jinsi alivyonitazama kwamba ningelibaki nalo moyoni. Kwenye mkono mmoja nilihesabu alama 31, nikaacha. Mama alijifunga kanga yakabaki macho, akauliza kama mwarobaini unaota huku. Hauoti.

Asubuhi upepo uliwafukuza visubi na karibu utufukuze na sisi. Storr iko kaskazini mwa mji wa Portree, mwendo wa robo saa hivi kwa gari. Pale maegeshoni nilimkabidhi mama fimbo mbili za kupandia nilizomnunulia kwa bei ambayo sitaitaja. Akashukuru, akazitumia kuanikia kanga iliyolowa, pale pale kwenye buti ya gari. Yeye alivaa dera, juu yake koti la mvua, chini raba za mjukuu wake, na mkononi kikapu cha ukili ambacho hakutaka nikiguse. "Wewe jibebe mwenyewe, baba," alisema. Nilidhani ni heshima tu. Ilikuwa utabiri.

Sijui nieleze vipi kupanda kule. Ngazi za mawe zinaanza mapema na haziishi. Mwavuli wangu uligeuka bakuli kwa upepo wa kwanza, na kwa upepo wa pili ukabaki mpini. Watoto walikwenda mbele wakirukaruka kama mbuzi. Mama alipita kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni, kikapu kichwani. Alikua akishusha kabichi na mapeasi kwenye miteremko ya Usambara, na hiyo ndiyo familia kijitabu kilipaswa kuitaja. Mimi nilikwepa jiwe lenye utelezi, nikakanyaga penye majani mabichi mazuri. Hayakuwa majani. Mguu ulizama hadi ugokoni, nilipouvuta tope likatoa sauti ya mtu anayefyonza embe, na mguu ukatoka na soksi tu. Nikapiga magoti kufukua kiatu changu kwa mikono miwili. Katika hali hiyo mume na mke wenye mvi walinipita, wakanisalimu, wakasema leo hali ya hewa ni nzuri. Nilitafuta dalili ya mzaha usoni mwao, sikuiona.

Nilipofika juu, mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, anajifuta ukungu usoni.

"Haya, yuko wapi?"

"Huyo mbele yako, mama."

"Nyuma ya hili jabali?"

"Hilo jabali ndilo Mzee mwenyewe."

Ukimya. Akafungua kikapu. Mlikuwa na paketi mbili za chai ya Usambara, sukari kilo moja, vitumbua vilivyofungwa kwenye karatasi, na doti ya kanga mpya, endapo Mzee ana mke.

"Unampeleka mtu mzima kwa mzee mikono mitupu," alisema, "na mzee mwenyewe hayupo."

Nikajitetea kwa elimu, kama tufanyavyo wakwe tukikosa. Nikamwambia urefu wake ni karibu mita 50. Kwamba lava iliyomwagika miaka milioni 60 iliyopita ililalia miamba laini, ile miamba ikaelemewa, upande mzima wa mlima ukaporomoka, na yeye akabaki wima. Kwamba hakupandwa mpaka 1955, na aliyempanda ni Mwingereza Don Whillans.

"Wamempanda mzee wa watu?"

Nikaliacha hilo. Nikamwambia kwamba mwaka 1891, karibu na ufuo huko chini, palichimbuliwa hazina ya fedha ya enzi za Wavikingi, na ndani yake zimo dirhamu za Samarkand. Hapo akalegea. "Basi wenzetu walishafika," akasema, akanigawia kitumbua.

Ukungu ulizidi, jabali likaonekana na kupotea. Mama akainuka, akafunga kanga vizuri kiunoni, akalitazama kwa muda, kisha, nadhani kwa kejeli, kejeli iliyonilenga mimi, akasema kwa sauti kamili:

"Shikamoo!"

Kutoka ndani ya ukungu, sauti nzito ikajibu polepole, "Marahabaaa."

Mama hakuaga. Mke wangu akamfuata akiita "Mama, ni mtoto huyo!", mimi nikabaki na kikapu, kiatu kinachobubujika kila hatua, na kijana wa miaka saba aliyejitokeza nyuma ya mwamba amejishika tumbo kwa kicheko. Kuteremka kulinigharimu saa nzima. Mama nilimkuta amekaa garini, mkanda ameshafunga.

Jioni ile, nikiwa najipaka dawa ya visubi, nilimsikia chumba cha pili akiongea kwa simu na dada yake Lushoto.

"Tumemkuta, alhamdulillahi. Mzima kabisa. Si msemaji, lakini salamu kaitikia."