Oili Imefika Kila Mahali Isipokuwa Kwenye Cheni

Ukitaka kujua kijiwe kina mafundi wangapi, chuchumaa kando ya pikipiki ukiwa na kopo la oili. Mshauri wa kwanza atakuwa ameshafika kabla hujafungua kifuniko. "Mkuu, hiyo cheni unaiua. Paka grisi." Wa pili atasema grisi ni mambo ya zamani, dawa ni oili chafu. Wa tatu, ambaye hana hata baiskeli, ataapa kwamba cheni haipakwi kitu, kwani shemeji yake amekimbiza Boxer miaka nenda miaka rudi bila kuigusa. Watu hao hao, injini ikigoma, huwa wapole kabisa na kuulizana fundi mzuri yuko wapi. Injini imefichwa. Cheni iko nje, inazunguka mbele ya macho ya kila mtu, basi kila mtu anaijua.

Karani mmoja wa Kigamboni, anayevuka na pikipiki yake kwa pantoni kwenda kazini mjini, aliwasikiliza wote watatu. Njia ya kwao ni mchanga mtupu mpaka unapofika kwenye lami, na upepo wa bahari haukopeshi kutu. Cheni ilikuwa imeanza kulia, na majirani walimtambua kabla hajakata kona. Akaamua kuiosha mwenyewe, maana fundi hudai hela ya kuosha, hela ya oili, kisha hela ya soda.

Kwanza alihitaji brashi. Bafuni kulikuwa na kikombe cha miswaki, akachagua ule ulioonekana kuchoka kuliko yote. Ulikuwa wa mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa meno. Kwa upande wa ufundi, karani hakukosea: mswaki hupenya katikati ya mabamba ya cheni bila kuyakwaruza, tofauti na brashi ya waya. Kwa upande wa nyumba, kesi ilichukua muda.

Cha pili kilikuwa kiosheo. Vitabu vingi vya pikipiki hutaja mafuta ya taa, lakini tangu serikali ilipoyapandishia kodi mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji, mafuta ya taa si yale ya bei ya kutupa tena. Karani akafungua bomba la tangi lake mwenyewe, akakinga petroli kwenye kopo la Blue Band. Petroli husafisha haraka, hilo halina ubishi. Pia huwaka haraka, na mshauri wa pili alikuwa amesimama hapo na sigara yake. Zile cheni zenye pete ndogo za mpira kila kiungo, za pikipiki kubwa, petroli huziharibu pete hizo na kuitoa grisi iliyofungiwa ndani na kiwanda. Cheni nyingi za boda hazina pete, kwa hiyo hazina cha kuharibika hapo, lakini hazina akiba pia. Zinaishi kwa kile tu unachozipa.

Na unazipa wapi? Hapo ndipo macho yanapodanganya. Cheni ya rola ni ya mwaka 1880, kazi ya Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda chake Manchester, Uingereza. Kila kiungo kina pini iliyopita ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayozunguka. Msuguano mbaya uko kati ya pini na bushi, ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mshauri aliyewahi kupaona. Watu husema cheni "imevutika", ila chuma hakikuvutika. Pini na bushi zimelika. Cheni namba 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi ndogo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Kila kiungo kikiongezeka milimita 0.1 tu, kitu ambacho jicho halioni, cheni ya viungo 120 imerefuka milimita 12. Hicho ni karibu kiungo kizima ambacho hukukinunua.

Karani alimimina oili chafu juu ya cheni, kwa nje, kwa ukarimu. Oili hiyo, iliyotoka kwenye injini ya mtu mwingine, ilikuwa na masizi na chembe za chuma tayari. Kisha akawasha pikipiki akazunguka mtaa mara moja kuijaribu. Oili ikafika kwenye rimu, pembeni mwa tairi, kwenye soksi ya kulia na ya kushoto, na kwenye ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya maziwa. Kilichobaki kwenye cheni kilikutana na mchanga wa Kigamboni, na kwa pamoja vikawa msasa.

Ijumaa akavuka na pikipiki kama kawaida. Pantoni ikijaa, watu husimama popote palipo na nafasi ya unyayo. Mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi ya kisawasawa, akajipenyeza kati ya pikipiki na bajaji. Alipotoka upande wa pili alikuwa na mstari mweusi kuanzia gotini hadi kwenye pindo.

"Kijana, hii ni nini?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza, hii ni nini?"

Njia yenyewe ya kuipaka cheni oili, kwa anayeitaka, haina maajabu. Pikipiki itoke kutembea kidogo ili cheni iwe na joto, isimamishwe kwa stendi kubwa, injini izimwe. Oili ya gia, ile namba 90, idondoshwe kidogo kidogo upande wa ndani wa cheni ya chini huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, ili mzunguko uisukume kutoka ndani kwenda nje. Inayobaki nje ifutwe kwa kitambaa, kwani iliyo nje haina kazi zaidi ya kuokota mchanga. Kuna wanaowasha injini na kutia gia ili gurudumu lijizungushe, wao washike kitambaa tu. Hapa utani tuuweke kando: cheni inayovutwa na injini huchukua kitambaa, na kidole hufuata kitambaa kabla mtu hajasema mama.

Katika kukaza, karani alipenda cheni inyooke vizuri. Fundi naye, akitaka kumfurahisha, huikaza mpaka isicheze. Lakini pikipiki nyingi ndogo hutaka cheni icheze kama sentimita 2 hadi 3 ukiinua upande wa chini, na zina sababu. Shokapu zikibonyea, gurudumu la nyuma linapanda na cheni inazidi kukaza. Iliyonyooka pikipiki ikiwa tupu itaanza kuvuta beringi za gia mara tu abiria wawili wakipanda mshikaki na gunia la mkaa.

Na kava? Pikipiki nyingi za kutoka India huja na kava la bati linalofunika cheni yote, lenye kizibo cha mpira cha kuchungulia. Ndiyo huduma bora kuliko zote ambayo cheni ya mchangani inaweza kupata, nayo huja bure. Vijana huling'oa kwa sababu linapiga kelele na linaipa pikipiki sura ya kizee. Karani alikuwa amelitundika stoo. Kinga ya gurudumu nayo ilikuwa huko huko, wakati kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka kifaa kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, nguo ya abiria isinaswe. Waliotunga walifikiria sari. Dera la abiria wa Kigamboni, aliyekaa upande na mtoto mapajani, halina tofauti yoyote na sari mbele ya spoku.

Msimu wa mvua ulipokwisha, ukiivuta cheni ile nyuma ya sproketi kubwa ulikuwa unaona nusu ya jino. Karani akaenda Kariakoo. Muuzaji akamletea cheni peke yake, akisema sproketi za zamani bado nzima, bosi, usipoteze hela. Meno ya sproketi hizo yalikuwa yamepinda yote upande mmoja, na cheni mpya juu ya meno kama hayo haikawii kuzeeka. Baada ya mabishano marefu na hatua mbili za kujifanya anaondoka, akanunua vyote vitatu, cheni na sproketi mbili.

Fundi aliyemfungia alikuwa mtu makini: klipu ya kiungo aliielekeza upande uliozibwa ukitangulia, kule cheni inakokwenda, isije ikagongwa ikachomoka. Ila kabla ya hapo alikuwa ameshaiona ile grisi ya kunata ambayo cheni mpya hutoka nayo kiwandani, akaihesabu kuwa uchafu, akaiosha yote kwa petroli mpaka chuma kikang'aa. Na hela ya kuosha akaidai.