Jinsi ya Kununua Datsun 120Y Kuukuu Bila Kuuziwa Pati

Kwanza muache muuzaji aseme yote. Usimkatize. Mwenye kuuza Datsun 120Y ya kispoti, ile ya milango miwili yenye mgongo unaoteremka hadi nyuma, ana hadithi aliyoisimulia mara nyingi kuliko alivyobadilisha oili. Gari lilikuwa la mwalimu mkuu. Au la mama fulani aliyelitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Halijawahi kugongwa, injini haijawahi kufunguliwa. Mwisho atafika kwa Shekhar Mehta, na hapo mnunulie soda, maana koo limeshakauka.

Ni kweli Mehta alishinda Safari Rally kwa Datsun miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini alizoshindia ni 160J na Violet GT, tena akiwa na mafundi wa kiwandani nyuma yake. 120Y ni gari jingine. Ina injini ya A12 yenye cc 1,171, iliyotengenezwa kumfikisha karani kazini na kumrudisha nyumbani kwa mafuta kidogo. Ilitoka 1973, mwaka ule ule bei ya mafuta ilipopaa duniani, na wengi wakaipendea hapo. Sifa hiyo inaitosha. Haina haja ya kuazimiwa kombe la mwenzake.

Soda ikiisha, mwambie afungue boneti. Usikimbilie injini. Tafuta bamba la chuma ndani humo na usome herufi. Ya kispoti huandikwa KB210. Ukikuta B210 bila K mbele, unaonyeshwa bamba la saluni, na muuzaji ana maelezo ya kukupa. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye ukuta nyuma ya injini lazima ilingane na iliyo kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Tazama na namba ya usajili: gari lililosajiliwa Kenya miaka ile halina herufi mwishoni, kwani herufi hiyo ilianza 1989.

Sasa shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto na wewe ndiwe mgeni wa kwanza asubuhi hiyo, muuzaji ameshaiwasha ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Mwambie kwa upole kwamba utarudi kesho. Injini yenyewe isikunyime usingizi. Ina cheni badala ya mkanda, haina kompyuta, na mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, wenye mvi wanaijua. Ikitoa moshi wa samawati, inakula oili. Kata gharama ya ringi kwenye bei, maisha yaendelee.

Kitakachokufilisi ni bodi.

Njoo na sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kitambaa laini, usije ukachubua rangi ya watu. Ipitishe polepole kwenye kizingiti chini ya mlango, kisha kwenye tao la gurudumu la nyuma. Bati halisi huivuta ikang'ang'ania. Ikianza kuteleza na kudondoka, hapo chini pana pati nene kama chapati, na chini ya pati pana shimo. Muuzaji atasema "hiyo ni rangi mpya tu". Rangi mpya haizuii sumaku kushika. Ng'oa zulia miguuni pa dereva, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Inua gurudumu la akiba uone kama unaona lami.

Kisha mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa ulale kabisa chali chini ya gari ukiwa na tochi. Nyuma lina springi za majani, na pale zinaposhikana na bodi ndipo maji na tope hukaa miaka na miaka. Ukiona bati limefungiwa viraka vya kuchomelea pande zote mbili, simama, jipanguse, aga. Gari lililoishi Mombasa lichunguze mara mbili zaidi, chumvi ya bahari haina huruma na bati la Datsun.

Vioo navyo vina mtego. Taa ya mbele utaipata ukizunguka. Lakini mlango wa nyuma unaofunguka na kioo chake, raba inayouzunguka, na vile vidirisha vya pembeni ni vya toleo hili peke yake. Ukivua vya saluni havitaingia. Kanuni za Kenya haziruhusu kuagiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo usijipe moyo kwamba utaletewa jingine la kuchinja vipuri kutoka Japani. Kioo kikiwa kimepasuka, thamani ya gari imepasuka nacho.

Karatasi sasa. Jina kwenye logibuku liwe la huyo anayepokea pesa. Magari ya umri huu mara nyingi bado yana jina la marehemu baba, na mtoto anayeuza hana ruhusa ya mahakama ya kusimamia mirathi. Asikuharakishe kwa kukuambia wanunuzi wengine wako njiani. Wamekuwa njiani tangu tangazo litoke. Hela itoke ukishaona uhamisho umekubaliwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Likishakuwa lako, nakuomba: usikate matao uweke tairi pana, wala using'oe A12 uweke injini ya gari la juzi. Zilizobaki na bodi nzima ni chache mno. Kila mwaka kuna watu wanaopeleka magari ya umri huu Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, maonyesho yaliyoanza 1970, na lako linastahili kusimama pale likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Na liendeshe kila wiki hadi injini ipate moto sawasawa, kwa sababu kabureta iliyolala na petroli ndani mwaka mzima huziba.