Jinsi ya Kumnasa Mzee kwa Kigoda Kibovu

Usimwambie kwamba ni mpweke. Hilo ndilo sharti la kwanza, na atakayelivunja ajihesabu ameshindwa kabla ya kuanza. Papa wa Kisangani aliyetumikia reli au bandari ya mto mpaka akazeeka, ukimwuliza kama anasumbuliwa na upweke atakujibu kwamba ana watoto, wajukuu, majirani na Mungu, kisha atataka kujua umetumwa na shirika gani. Wewe mletee kigoda kilichovunjika mguu. Kaa mbele yake, shika nyundo juu kabisa ya mpini, uanze kugongelea misumari vibaya kwa makusudi. Msumari wa pili hautapinda kabla hajasimama, akakunyang'anya nyundo na kukueleza kwamba vijana wa sasa hawakufundishwa kitu. Umeshampata. Usimkatize.

Uelewe unamtoa wapi. Mji huu uliwazoesha wanaume wake kupangwa na kazi. Kulikuwa na treni ya Ubundu, iliyoanza 1906 kuvusha watu na mizigo kilomita 125 kwa sababu meli hazipiti kwenye Maporomoko ya Boyoma. Kulikuwa na bandari, viwanda vya mbao, na Sotexki iliyofuma na kuchapa vitambaa walivyovaa mama zetu. Kazi zikapungua moja baada ya nyingine, kisha vita vikaja. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya nyumba za watu. Mwanaume aliyepita katika hayo yote bado anaamka alfajiri. Anaoga, anavaa shati lake safi, halafu hana pa kwenda.

Mama ana pa kwenda. Ana soko, ana likelemba, ule mchango wa zamu, ana kwaya na kikundi cha kanisa. Akiumwa leo, kesho parseli yake imejaa wenzake. Papa ana kiti chini ya mwembe na redio. Wazee wengi wa komini za Mangobo na Kabondo wanaonana na rafiki zao kwenye matanga, na kila wakikutana wanakuta mmoja amepungua. Watoto walioko Kinshasa, Goma au Brussels hutuma pesa kwa simu. Watume, pesa inahitajika sana. Ila pesa haikai upande wa pili wa ubao wa dame, ikakuibia kifuniko cha chupa na kuapa kwamba haikugusa.

Anayedhani haya ni manung'uniko ya uzeeni asikilize Shirika la Afya Duniani. Ripoti yake ya 2025 ilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Australia ilishaanza kutafuta dawa tangu miaka ya 1990: mabanda ya kazi ya mikono ambamo wanaume wazee wanaranda mbao na kutengeneza vitu vilivyoharibika. Mwaka 2007 mabanda hayo yakapata chama chake cha kitaifa. Walioyaanzisha waligundua kwamba mwanaume hafunguki akikalishwa uso kwa uso na mtu wa kumhoji. Hufunguka akiwa bega kwa bega na mwenzake, macho yote yako kwenye ubao.

Kisangani haina haja ya kusafiri mpaka Australia kulijua hilo. Nenda Wagenia. Pale kwenye poromoko la mwisho la Boyoma, wavuvi husimika magogo marefu kwenye matundu ya miamba, wakayafunga kwa kamba za msituni mpaka yakasimama dhidi ya mkondo ule mkali, kisha wakaning'iniza migono mikubwa ambayo mtu mzima anaweza kuingia ndani yake. Maji yakiyang'oa, kazi inaanza upya. Gogo lile halisimamishwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu kiasi gani, na kelele za maji haziruhusu hotuba. Watu hushika, husukuma, hufunga. Mzee asiyeweza tena kutembea juu ya miti iliyolowa bado anaweza kukaa ukingoni asuke mgono na kuwakaripia wanaofunga fundo vibaya, na karipio lake lina thamani, maana fundo likiachia mtu atachukuliwa na mto. Ateliye utakayowafungulia wazee iige hapo. Kila mzee apewe kazi ambayo ikikosewa itaonekana.

Basi tafuta kivuli, benchi refu, msumeno, randa, patasi, tupa na jiriwa moja imara. Mashine ya umeme usiitake hata ukipewa bure. Umeme wenyewe unakatika, ndiyo, lakini ubaya wake mkubwa ni kelele: mzee akianza kusimulia jinsi mke wake alivyofariki, asishindane na injini. Kazi hazitakosekana. Kuna toleka, baiskeli za kubeba abiria, zenye magurudumu yaliyopinda, madawati ya shule yasiyo na migongo, milango iliyovimba kwa mvua. Na kama ateliye iko Makiso na wazee wanaishi Lubunga, kuna mto katikati na nauli ya mtumbwi. Fungueni nyingine Lubunga.

Vyeo, gawa bila uchoyo. Awepo rais, makamu wake, katibu, mweka hazina, washauri watano, mkuu wa misumari na mkaguzi wa gundi. Vijana watacheka, waache wacheke. Mtu aliyeitwa kwa cheo chake miaka thelathini, leo akaitwa babu tu, amepungukiwa na kitu, na kumrudishia hakuna gharama. Sanduku la pesa peke yake ndilo liwe na funguo mbili, kwa watu wawili wasiopendana.

Lotoko, pombe ile kali ya kienyeji, isiingie. Najua itatafuta mlango, na najua atakayeileta ni mshauri wa tatu. Chai ya tangawizi iwepo, na mihogo ya kuchoma, na saa ya kufunga ijulikane nyumbani kwa kila mmoja ili mama wa nyumba wasiseme mmewaibia waume.

Wakigombana, usiharakishe kuwapatanisha. Watu wawili waliogombea randa jana wana sababu ya kuamka leo. Anayetisha ni yule asiyegombana na asiyekuja. Siku mbili zikipita hajafika, mtu aende kwake, tena asiende na maneno ya huruma. Abebe lile gurudumu alilokuwa akilinyoosha, aliweke mlangoni, na amwambie mwenye toleka amekuja mara mbili na amekasirika.