Fisi Hafuliwi kwa Maji ya Moto

Fisi wa porini hana gharama. Hafuliwi, hachanwi, hapuliziwi kitu, wala hakuna anayemwekea feni ili akauke. Akinuka, ananuka kwa raha zake, na wenzake ndivyo wanavyomtambua. Fisi wetu, huyu tunayeishi naye ghorofa ya tatu hapa Pittsburgh, ana sabuni yake, brashi yake, feni zake na kamba yake ya kuanikia bafuni. Ni vazi. Mwenye vazi ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa chuo, mpole, anayetoa shikamoo bila kukumbushwa, na ambaye kwa hiari yake na akili zake timamu ameamua kuwa fisi siku za mapumziko.

Sisi ni watu wa Shinyanga. Kwetu fisi si mnyama wa kufanyia mzaha. Tumekuzwa tukisimuliwa kwamba mchawi hasafiri kwa basi. Anapanda fisi, na alfajiri anamrudisha kwenye zizi lake kabla watu hawajaamka. Wenzake kijana huyu wamechagua mbweha, paka, mbwa mwitu, wanyama ambao mtu mzima anaweza kuwaeleza mbele ya waumini wenzake. Wetu amechagua usafiri wa wachawi. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Shangazi, fisi anaonewa tu. Anawinda mwenyewe, halafu simba ndiye anakuja kumpora." Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli: fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake, na simba humnyang'anya kila apatapo nafasi.

Wapenzi wa mambo haya, mafari kama wanavyoitwa, wanapenda wanyama wenye tabia za watu: wanaosema, wanaotembea kwa miguu miwili, wanaovaa miwani. Wengi wao huishia kuchora na kuandika hadithi. Wenye fedha, au wenye kadi ya benki isiyo na huruma, hushonesha fasuti, yaani vazi la manyoya bandia linalomfunika mtu kuanzia utosi hadi kucha. Kila mwaka, wakati wa joto, maelfu yao hufurika mjini kwetu kwenye Anthrocon, mkutano ulioanzia Albany mwaka 1997 na ambao tangu mwaka 2006 makao yake ni Pittsburgh, katika ukumbi wa David L. Lawrence ulio kando ya mto Allegheny. Wenye migahawa huwasubiri kwa hamu, na siku ya maandamano yao wenyeji hupeleka watoto kuwapungia mikono.

Fisi wetu aligharimu zaidi ya dola 3,000. Nilianza kupiga hesabu kwa shilingi, nikavuka milioni saba, nikaona naelekea kwenye bei ya kiwanja, nikaacha. "Hii ndiyo bei nafuu, shangazi," alinifariji.

Kwa fedha hizo ungetegemea angalau dirisha. Hakuna. Kichwa ni sponji, hiyohiyo ya kwenye makochi, iliyochongwa, ikaunganishwa kwa gundi ya moto na kuvikwa manyoya. Mvaaji anaona kupitia wavu mdogo machoni, anavuta hewa kupitia mdomo wa fisi, na kwenye pua ya fisi kumefungwa kifeni cha kompyuta. Ndani huvaa nguo nyembamba ya kubana mwili na soksi ya kichwa, ili jasho liishie humo. Haliishii humo. Ndiyo maana kwenye mikutano yao hutengwa chumba maalumu cha kuvulia vichwa, chenye mafeni makubwa na maji ya kunywa. Asiyejua akichungulia atakuta mbweha, chui na joka wamejibwaga vitini, nyuso zao zimepangwa mbele ya feni, na juu ya kila shingo kuna kijana wa kawaida, amelowa chapachapa, anaulizia maji.

Mwaka jana fisi alirudi kutoka mkutanoni ndani ya begi. Begi likawekwa nyuma ya mlango, zipu ikiwa imefungwa hadi mwisho, na mwenyewe akalala usingizi wa mtu aliyetembea kilomita kadhaa akiwa amevaa godoro. Jasho peke yake halinuki. Kinacholeta harufu ni bakteria wanaolishambulia, nao wanapenda mahali penye unyevu, joto na giza. Katika begi lile walikuwa wameshafungua kijiji na kumchagua mwenyekiti. Harufu ilipita chini ya mlango bila kubisha hodi. Nilidhani ni samaki. Nikatoa kila kitu kwenye friji, nikamtupa sato asiye na hatia, nikasugua rafu kwa ndimu. Harufu ikanitazama tu.

"Ni fisi," kijana akasema alipoamka. "Anahitaji vodka."

Nilimwambia nyumba hii haina mnywaji, awe mtu au mnyama. Akanieleza kwa utaratibu, kama daktari anavyomweleza ndugu wa mgonjwa. Watunza mavazi wa majumba ya michezo ya kuigiza wametumia mbinu hiyo miaka mingi: unatia vodka ya bei ya chini kwenye chupa ya kupulizia, unaipuliza ndani ya vazi, kilevi kinaua bakteria, kinapaa, hakiachi harufu. Akaenda kwenye duka la serikali, maana Pennsylvania pombe kali huuzwa na serikali yenyewe, akarudi na chupa kubwa kuliko zote na rahisi kuliko zote. Nusu akaimimina kwenye chupa yangu ya kunyunyizia nguo maji ninapopiga pasi. Nusu ikabaki mezani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ambayo akina mama wa sala hukutana kwangu.

Mama mchungaji aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Ni ya fisi," nikasema.

Kuna maelezo ambayo kadiri yanavyokuwa ya kweli ndivyo yanavyozidi kukuchimbia kaburi. Mama mchungaji akauliza kwa upole, ule upole wa kutisha, "Fisi yupi, dada?" Kabla sijajibu, chumba cha pili kikafunguka, akatoka kijana akiwa amevaa miguu ya fisi peke yake, ile mikubwa yenye kucha, anajaribu kama imekauka. "Shikamooni," akasema. Sala ya siku hiyo ilikuwa ndefu, na jina langu lilitajwa kwa kurudiwarudiwa.

Tangu hapo tumehamia kwenye spiriti, ile ya famasi ya asilimia 70, iliyochanganywa na maji kidogo. Kazi ni ileile, na lebo yake haileti maombi.

Kupulizia, hata hivyo, ni kuahirisha. Siku ya kufua lazima ifike, na fisi ana masharti kuliko bibi harusi. Maji yawe ya baridi. Sabuni iwe laini na kidogo. Mwili ugeuzwe, bitana iwe nje, zipu ifungwe. Mkia na viganja vifuliwe mbali na mwili. Kifeni cha puani na betri yake vitolewe. Mashine iwe ya mlango wa mbele, kwa sababu zile za kufunguka juu nyingi zina mlingoti katikati unaoweza kunyofoa mshono. Mashine ya jengo letu ina mlingoti. Kwa hiyo fisi huvuka mitaa miwili, begani, kwenda kwenye duka la kufulia kwa sarafu.

Mlango wa mbele maana yake ni kioo, na kioo maana yake ni watazamaji. Kiganja chenye kucha nyeusi kilikuwa kikija kwenye kioo, kinapunga, kinazama kwenye povu, kisha kinarudi kupunga tena. Mtoto mmoja wa kike akawa anakijibu kila kikipita. Mama yake akamhamisha kiti. Mtoto akageuka na kiti chake.

Tulitoka nje kidogo kupunga hewa, na hapo ndipo akatokea msamaria mwema. Kwenye maduka hayo mashine ikimaliza na mwenyewe hayupo, anayesubiri huruhusiwa kutoa nguo. Mama mmoja mtu mzima aliutoa mkia, akaona maji yanachuruzika, akauonea huruma, akautia kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu kabisa, na akalipa kwa sarafu zake mwenyewe. Sasa, manyoya haya hayajapata kumwona mnyama. Ni akriliki na poliesta, na jina lingine la vitu hivyo ni plastiki. Kijana aliporudi na kuona mashine ya kukaushia inazunguka na kitu cha madoa ndani, alikimbia mbio ambazo fisi wa kweli angeziheshimu.

Mkia ulipona, ncha haikupona. Ile ncha nyeusi iliyokuwa laini ya kuteleza vidoleni ilikuwa imejikunja na kushikana vinundu vigumu, kama mfuko wa plastiki uliogusa jiko la mkaa. Mama wa watu alisikitika sana. Alidhani ni zulia la bafuni. Tukamshukuru, maana utamlaumuje mtu aliyekulipia? Bahati nzuri fundi wa fasuti alikuwa ametuma kipande cha manyoya ya akiba ndani ya boksi. Niliketi na wembe na sindano. Manyoya haya hayakatwi kwa mkasi. Unageuza upande wa nyuma, unachana kitambaa peke yake kwa ncha ya wembe, taratibu, nywele zenyewe usiziguse, la sivyo utabaki na mkia ulionyolewa kipara. Kijana alisimama pembeni anauma kucha zake mwenyewe, zile fupi.

Kichwa ndicho mgonjwa mahututi. Hakiingii mashine yoyote. Huoshwa kwa mkono kwenye bafu, maji ya baridi, sabuni kidogo, kisha unakikamua kwa kukibonyeza kwa viganja. Ukikisokota, sponji inachanika na gundi inaachia. Kikishalowa kina uzito wa gunia la mchanga. Humwaga maji kupitia macho, pua na meno kwa wakati mmoja, na sura yake wakati huo inamtia mtu huruma. Halafu kinawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, feni moja inapuliza kwa chini na nyingine usoni, na hapo kinakaa siku mbili au zaidi, maana sponji ikibaki na unyevu ndani huota ukungu, na ukungu ukishaingia hautoki. Draya ya nywele hairuhusiwi ila kwa hewa baridi. Jua kali linapausha rangi. Gari lililofungwa mchana wa Julai linalainisha gundi: fisi mmoja rafiki yake alitoka kwenye gari na sikio likining'inia shavuni.

Mimi huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini. Usiku ule wa kwanza nilifungua mlango wa bafuni nikiwa nusu usingizini, na mwanga wa korido ukaangukia meno. Feni ilikuwa inachezesha manyoya ya shingoni. Miaka yote ya shule, ubatizo na uraia wa Marekani ilinitoka kwa sekunde moja. Nilichokumbuka ni kwamba ni alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya wachawi kurudisha usafiri.

Bibi wa Shinyanga alikiona kichwa hicho kwa njia ya simu. Tulikuwa tunaongea kwa video na mlango wa bafuni ulikuwa wazi. Alinyamaza, akasogeza simu karibu na uso hadi tukabaki na jicho moja. "Huyo aliyekaa nyuma yako, mmempa chakula?" Nikamweleza kila kitu, nikitegemea kilio. Bibi akafikiri. Akakumbusha kwamba Bayeye wa Usukumani wanacheza ngoma na chatu wazima wazima shingoni, kwa hiyo mtu kucheza na mnyama si ajabu wala si uzungu. Kilichomshinda kuelewa ni kimoja. "Chatu hawamfui," alisema. "Kwa nini nyie mmechukua mwenye kufuliwa?"

Swali hilo ninalo hadi leo, hasa ninaposhika brashi. Ni brashi ya mbwa, yenye meno membamba ya waya, na bila hiyo manyoya yakikauka hushikana mafundo. Unachana yakiwa na unyevunyevu, kisha yakikauka, kuanzia nchani kurudi kwenye shina, kipande kwa kipande, mgongo wote. Kijana huvaa vazi lile saa moja au mbili, akapata picha na makofi, kisha wikiendi nzima tunalihudumia. Hakuna kazi inayodai ubinadamu kama kuwa mnyama: spiriti, sindano, sarafu, subira, na shangazi.

Habari zimewafikia wenzake. Wameanza kuja na mabegi yao, wananiamkia kwa Kiswahili walichofundishwa getini, wananiita Shangazi hata wale wenye ndevu. Nimewapa masharti. Vodka ibaki dukani. Begi lifunguliwe barazani, si ndani. Jumamosi nimefunga. Mikia naifua bure, vichwa vina bei yake. Juzi kaja mmoja joka, na mwenye mabawa analipa mara mbili, kisha anionyeshe kwanza yanafungukia wapi.