Yatima Wenye Mama

Ilikuwa Ugogo, mtama umekwisha kuvunwa na wenye shamba wamekwenda zao mnadani, wakawaachia wanyama mabua. Kila asubuhi Mama Kanga aliingia humo na vifaranga vyake, yeye mbele, baba yao nyuma, wakichakura punje zilizodondoka. Kanga ana desturi yake ya malezi: mtoto amwone mama muda wote, mama amwone mtoto, na anayesalia nyuma hatua tatu huitwa kwa kelele hadi afike. Ni malezi mazuri, kwa kanga.

Asubuhi moja, chini ya bua lililolala, akawakuta watoto wawili wa sungura. Kila mmoja angeenea kiganjani mwa mtu. Walikuwa na manyoya yao kamili, rangi ya udongo na majani makavu, na mmoja alikuwa na doa jeupe katikati ya paji la uso. Macho wazi, masikio yamelazwa mgongoni. Kifaranga kimoja kikamkanyaga yule mwenye doa, naye hakutikisika hata sharubu. Mama Kanga akatazama kulia, akatazama kushoto. Mama hayupo.

"Yatima!" akapaza sauti. "Jamani njooni, yatima!"

Sauti ya kanga haina siri. Kabla jua halijakaza shamba lilikuwa limejaa: Ngiri na mkewe, Pimbi kutoka majabalini, Nyani na ukoo wake mzima, Kobe aliyekuwa jirani tu. Mbweha naye akafika, akasimama kwa adabu kule upepo unakopeleka harufu, akawa anameza mate. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Nyani akachaguliwa mwenyekiti, maana ndiye aliyekwishapanda juu ya kichuguu. Kamati ikaundwa palepale, ikaitwa Kamati ya Huruma.

"Mama gani huyu," akauliza Nyani, "anayezaa na kutupa kama mtu amwagaye pumba? Mtazameni mwanangu yule. Tangu azaliwe hajabanduka kifuani mwa mama yake."

Wote wakamtazama mtoto wa Nyani, wakatikisa vichwa kwa uchungu.

Mama mwenyewe alikuwa kichakani, hatua hamsini kutoka pale. Alikuwa amejilaza tangu alfajiri, tumbo chini, na aliyaona yote. Hakuweza kutoka. Angetoka, angemwonyesha Mbweha njia ambayo kila siku alijitahidi kuificha.

Maana sungura wa porini, huyu wetu wa mbugani, hana shimo. Yule wa Ulaya ambaye watu wamemfuga vibandani huchimba ardhi, na watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba. Huyu wetu huzaa juu ya ardhi, mahali pa wazi, na watoto wake hutoka na manyoya na macho yanayoona, kwa sababu ngao waliyo nayo ni moja: kutulia. Harufu yao ni hafifu, ya mama ndiyo kali, na kwa hiyo mama hukaa mbali nao mchana kutwa. Jua likishatua huja, huwanyonyesha dakika chache maziwa mazito yenye mafuta mengi, yanayowatosha mpaka jioni ya pili, kisha huyo, ameondoka. Mpita njia wa mchana ataapa kwamba wametelekezwa, na ataapa kwa dhati. Kwangu mimi, kati ya mapenzi yote ya wazazi niyajuayo, sijui gumu kuliko hili la kukaa mbali ili mtoto aishi.

Digidigi akasogea mbele. "Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Mimi pia humficha mwanangu majanini nikaenda kula mbali. Naomba tuondoke sote, tusubiri jua lizame, tutazame kwa mbali kama mama atakuja."

"Na asipokuja?"

"Kesho tutawakuta wamelegea, matumbo yamebonyea, wanahangaika. Hapo tutakuwa na neno. Leo watazameni: hawana jeraha, hawana inzi, miili ina joto, matumbo yamejaa. Nani aliyewashibisha?"

"Shoga yangu," Mama Kanga akadakia huku machozi yakimlenga, "utasubirije na mtoto analia?"

"Analia nani?"

Wakasikiliza. Aliyekuwa akilia alikuwa Mama Kanga peke yake.

Hata hivyo kura zilipigwa, na Digidigi akashindwa. Nyani akashuka kichuguuni, akawashika watoto kwa mikono yake miwili. Waliponyanyuliwa ndipo walipolia mara ya kwanza, kilio chembamba kikali, na Kamati ikasema: mnaona walivyokuwa na njaa?

Wakapelekwa majabalini kwa Pimbi, kwenye pango lenye kivuli. Mbuzi wa kijijini akaombwa maziwa, akatoa kwa moyo mweupe, wakanyweshwa kwa jani lililokunjwa. Habari zikaenea, wageni wakaja kutoka vilima vya jirani, kila mmoja na zawadi yake ya karanga au matunda, na kila mmoja akitaka kuwashika yatima na kuwapapasa. Karanga ziliwekwa kwa mwenyekiti. Mpaka alasiri yule asiye na doa alikuwa anahara. Hakuna aliyemtaka mabaya. Mbuzi hakutaka, Mama Kanga hakutaka, wageni hawakutaka.

Hapa nashindwa kuwaacha wanyama wasimulie peke yao. Mwaka 2012 Rwanda iliamua kuvifunga vituo vya yatima na kuwarudisha watoto kwenye familia, kwa kuwa wengi wao walikuwa na mzazi au ndugu aliye hai. Umaskini ndio uliowafikisha humo, au mauti ya mzazi mmoja, na watu wema waliokuta mtoto bila mama pembeni hawakungoja jioni. Fedha iliyokwenda kwenye kuta na vitanda, laiti ingepita kwa shangazi au bibi, mtoto angelala kwao.

Na wewe ukimkuta mtoto wa sungura shambani, mwache hapo alipo. Ikiwa jembe linakuja au ng'ombe wanapita, msogeze hatua chache tu, penye nyasi za kumficha, kisha uondoke na mbwa wako. Usimpe maziwa ya ng'ombe wala ya mbuzi, tumbo lake halikuumbwa kwa hayo. Kama ameng'atwa, ana funza, au mama amelala amekufa kando ya barabara, hilo ni jambo jingine: mtie kwenye boksi lenye giza na joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo au maofisa wanyamapori. Usimweke nyumbani awe wa kuchezewa.

Yule asiye na doa alikufa usiku, katikati ya hotuba. Mama Kanga alimwona wa kwanza. Alikaa naye mpaka asubuhi bila kutoa sauti, akawasahau hata vifaranga vyake, na baba yao ndiye aliyewatembeza siku ile.

Kobe, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, akasema, "Nipeni huyu aliyebaki." Wakampandisha mgongoni mwake. Alianza safari saa nne asubuhi, akafika chini ya lile bua jua likielekea kuzama, akainama, na mtoto akateleza mpaka kwenye udongo uleule. Kamati nzima ilikuwa nyuma yake, wajionee. Ngiri alikuwa amemkimbiza Mbweha mpaka ng'ambo ya korongo, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la maana kufanywa tangu jana yake.

Wakazunguka duara. Wakangoja. Mama Sungura akaona kwamba hawataondoka, basi akatoka kichakani, akaja mbele yao mchana ungali mweupe.

"Ndiwe mama?" akauliza Nyani. "Una shahidi?"

Yule mwenye doa akanyanyua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza Kamati kumwona akisogea.

"Walikuwa wawili," alisema Mama Sungura.

Nyani akatazama chini. "Tulijitahidi, mama. Hukuwapo."

"Nilikuwa pale." Akaonyesha kichaka kwa masikio. "Nilikuona ukipanda kichuguu. Nimewasikia wanangu walipolia."

Mama Kanga akajitokeza, mbawa zimelegea. "Mbona hukuniita, dada? Mimi pia ni mama, ningekusikia."

"Ningekuita, Mbweha angesikia kabla yako," akajibu. "Sasa tafadhalini ondokeni. Tangu juzi huyu hajanyonya, na mkiwa hapa siwezi."

Mama Kanga ndiye aliyegeuka kwanza, akawasukuma wengine kwa mbawa zake, Ngiri, Pimbi, wageni na karanga zao, mpaka akamfikia mwenyekiti, naye akamsukuma pia.