Mbuzi Ana Picha Arobaini

Katika ukoo wetu mimi ndiye mzee wa chee. Cheo hicho sikukiomba. Nilikipata mwaka niliponunua baiskeli isiyo na breki kwa nusu bei, nikaikokota hadi Matogoro, kisha ikanibidi nishuke nayo. Kovu la goti ninalo hadi leo, baiskeli sijui iliishia wapi. Tangu hapo kitu chochote cha bei ya ajabu kikipita Songea, watu hunipigia simu kunijulisha, kama mtu anavyojulishwa msiba.

Kwa hiyo kamati ya sendofu ya mdogo wetu wa mwisho ilipofika kwenye fungu la picha, macho yote yalinigeukia. Mpiga picha tuliyemuuliza alitaka laki mbili na nusu. Nikasimama. Nikasema kamera nitaazima kwa mwalimu mwenzangu, mpigaji tunaye, mpwa wangu wa kidato cha tatu, kinachokosekana ni memori kadi tu. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, akaandika kwenye daftari: “Picha, Mwalimu, 0/=”, akalipigia mstari. Makofi yakapigwa. Mke wangu hakupiga.

Ana sababu zake. Mimi na memori kadi tuna historia. Kitu chenyewe kina milimita 15 kwa 11, unene milimita moja. Ukucha wa kidole gumba unakishinda. Siku moja nilikuwa nabadilisha ya simu huku nimekaa kando yake akichambua maharage kwenye ungo. Nikabonyeza, ikaruka. Tulitafuta kwenye mkeka, kwenye kola ya shati, chini ya kuku. Kesho yake asubuhi mwanangu aliitoa kwenye sufuria ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha, akaniuliza hili ni jiwe gani bapa hivi. Tukaianika dirishani siku nzima, tukairudisha kwenye simu, ikaimba kama hakikutokea kitu. Ilikuwa ya GB 4, na aliinunua yeye, dukani, kwa bei iliyoandikwa. Hilo la bei hulitaja kila anaposimulia.

Halafu kuna lile la trei. Simu yangu ina laini mbili, lakini nafasi ya laini ya pili na ya memori kadi ni moja. Ama hii ama ile, kama wake wenza wenye zamu. Usiku mmoja nikatoa laini ya pili ili niangalie filamu iliyotafsiriwa, nikasahau kuirudisha siku tatu. Na laini hiyo ndiyo iliyokuwa ikipokea michango ya sendofu. Pesa ziliingia salama, ila ujumbe wa kuzithibitisha ulikuwa unazunguka hewani ukitafuta laini iliyokuwa imelala ndani ya kiberiti. Mimi, kwa bidii ya mweka hazina, nikatuma kwenye kundi la WhatsApp orodha ya “wapendwa ambao bado hatujaona mkono wao”. Wa kwanza alikuwa shangazi.

Shangazi alikuwa ametuma elfu hamsini tangu Jumatatu. Alinipigia bila kupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. “Mwanangu,” alisema, “nimesoma jina langu.” Niliomba radhi mpaka salio likakaribia kuisha, nikamwahidi kwamba siku ya sendofu atapigwa picha kuliko mtu yeyote isipokuwa bibi harusi. Akaniambia basi atashona kitenge kipya.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikaingia mjini. Nilianza dukani, kwa heshima tu. Muuzaji akaniwekea mezani kadi ya GB 32, shilingi 25,000, na risiti juu. Nikaigeuzageuza kama mtu anayepima nyama ya mafuta, nikasema nitarudi. Yeye alijua sirudi. Hatua chache kabla ya kufika Soko Kuu nikakutana na kijana mwenye ubao shingoni: chaja, spika za masikioni, kava, vioo vya simu, na katikati, kwenye kikaratasi kinachong’aa, GB 512.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Hii shilingi ngapi?”

“Hiyo arobaini, lakini kwako tunaongea.”

“Bei ya mwisho?”

“Weka ishirini.”

“Nina saba.”

Akacheka, akamwita mwenzake aje amwone mtu mwenye saba. Nikaanza kuondoka, ule mwendo wa kuondoka ambao kila mnunuzi anaujua, polepole, bega moja limebaki nyuma. Hatua ya nne akaniita. Tukafunga kwa nane. Alisema hapo hata mtaji haurudi, ananiuzia kwa sababu namkumbusha baba yake mdogo.

Mimi nafundisha hesabu. Nilipiga hesabu palepale kichwani, nikijisikia fahari. Dukani: 25,000 gawanya kwa 32, shilingi 781 na senti 25 kwa kila GB. Kwa kijana: 8,000 gawanya kwa 512, shilingi 15 na senti kama 62. Ningekuwa mjinga kiasi gani kulipa mara hamsini? Pale kwenye kikaratasi neno “Speed” lilikuwa na e tatu. Nikaona labda ndiyo kasi yenyewe.

Sikununua kwa macho tu, jamani. Nilimwambia aipachike kwenye simu yake nione. Akaipachika, akafungua sehemu ya hifadhi, akanionyesha: 512. “Ona mwenyewe, mwalimu.” Nikaona. Kwa mji wenye makumbusho ya Majimaji, mji ambao kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita ambavyo watu waliambiwa risasi zitageuka maji, ungedhani tungekuwa na mazoea ya kuuliza swali la pili. Mashujaa wanisamehe. Wao walikuwa na nchi ya kugombea; mimi nilikuwa nagombea punguzo.

Siku ya sendofu kulikuwa na baridi ile ya Julai inayofanya bibi harusi atembee kama anayehesabu hatua. Nyumbani kwa baba mkubwa, Bombambili, mpwa wangu alifika saa tatu asubuhi. Akaweka kadi ndani ya adapta, adapta ndani ya kamera, kamera ikakataa. Kadi imefungwa, ikasema. Tulihangaika nusu saa nzima, tukazima tukawasha, tukapuliza, mpaka msichana mmoja aliyekuwa akimenya viazi akaja akasukuma kwa ukucha kile kijitufe kidogo kilichoko ubavuni mwa adapta. Kilikuwa kimeshuka kwenye kufuli. Nikifikiria sasa, naona kadi ilikuwa inajaribu kutuonya.

“Mjomba, nijaribu kwanza?”

“Jaribu tu. Nafasi ipo ya kumwaga!”

Akaenda kwa mbuzi. Mbuzi wa ndafu alikuwa amefungwa kwenye mparachichi, naye, sijui kwa nini, alikuwa na uso wa kupenda kamera. Mpwa akampiga picha arobaini. Kisha akarekodi video: mbuzi akitafuna, mbuzi akimtazama mchinjaji, wapishi wakikuna nazi, masufuria, viti vitupu vya plastiki safu kwa safu, baba mkubwa akimtafuta anayejua kufunga tai. Karibu saa nzima ya video, ubora wa juu kabisa. Nilipita nikamwambia aendelee hivyohivyo.

Mchana wakwe wakafika kutoka Mbinga, ngoma zikaanza, bibi harusi akatoka, ndafu ikaletwa ina majani mdomoni. Shangazi alikuwa ameshona kweli. Kitenge cha njano chenye ndege wakubwa, kilemba kimesimama kama mnara. Alipigwa picha akiwa amesimama, akiwa amekaa, akimlisha bibi harusi ndafu, akimlisha bwana harusi, akijilisha mwenyewe. Kila mara alimwambia mpwa wangu “hebu nione”, na kila mara kioo cha nyuma kilimwonyesha picha nzuri, sekunde mbili, kisha ikapotea kupisha nyingine. Aliridhika. Alinishika bega, akaniambia lile la WhatsApp limekwisha.

Jumapili jioni ukoo wote ukajaa sebuleni. Nikaunganisha laptopu na televisheni. Majina ya picha yote yalikuwepo, mia saba na kitu. Nikafungua ya kwanza: mbuzi. Ya pili: mbuzi. Tukacheka sana. Tukaangalia video, watu wakitaja majina ya wapishi. Ilipoisha nikafungua picha iliyofuata, mlango wa nyumba, wakwe wanaingia. Nusu ya juu ilionyesha paa la bati na anga, nusu ya chini kijivu kitupu. Iliyofuata, kijivu chote. Iliyofuata haikufunguka. Nikabonyeza, nikabonyeza. Katika sherehe nzima ya mdogo wetu, kilichosalia cha bibi harusi mwenyewe ni bega la kushoto. Mbuzi alikuwa amekamilika, kuanzia pembe hadi kwato, kwa pande zote.

Hakuna aliyesema neno. Mama mzazi, ambaye haoni vizuri, aliuliza kama mkwe ameshaingia.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi wa simu kule Mfaranyaki. Kijana mpole, aliwahi kuwa mwanafunzi wangu na sikumbuki kumpa alama nzuri. Aliiangalia upande mmoja, akaigeuza, akauliza niliinunua shilingi ngapi. Nikamwambia. Akainamisha kichwa kama daktari.

“Mwalimu, kadi ya kweli ya GB 32 ukiiweka kwenye kompyuta inasoma 29 na pointi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Yako inasoma 512 kamili.”

Yaani iliyo halali huonekana pungufu, na ya uongo ndiyo hutimia. Hilo nilipaswa kulijua mimi, ndilo somo langu.

Akafungua programu moja ya bure iitwayo H2testw, kazi ya jarida la kompyuta la Ujerumani, c't. Kazi yake ni rahisi: inaijaza kadi kwa maandishi yake, kisha inarudi kuyasoma ione kama yapo. Kuijaza yote kwa mwendo wake wa kinyonga kungechukua zaidi ya siku moja, kwa hiyo akapima GB 16 tu. Tulikaa saa nzima. Nilinunua karanga. Majibu yalipotoka, nusu ya kwanza ipo, nusu ya pili haipo. GB 8.

“Ndani yake kuna kidude kinachoongoza kadi,” alinieleza. “Kimefundishwa kusema 512. Ukiuliza kinajibu 512. Ukiweka kitu kinapokea, kinaandika hata jina lake. Ikifika nane, vinavyofuata kinaitikia tu ndiyo, ndiyo.”

Nimefundisha watoto wa namna hiyo miaka kumi na tisa. Nilimuuliza kwa nini Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, haizizimi hizi kama ilivyozizima simu feki Juni 2016. Akasema simu ina namba ya IMEI, inaongea na mnara. Kadi haina namba hiyo wala haiongei na mtu. Nikamwambia hii iliongea nami vizuri sana. Hakutaka kunitoza. Nilimpa elfu tano, na hapo bei ya kadi ikawa imefika 13,000 bila karanga.

Yule kijana nilimkuta Jumamosi palepale. Ubao ulikuwa umebadilika, sasa anauza soksi. “Mwalimu! Kadi inadunda?” Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Mfaranyaki. Nikamwambia ni GB 8. Akashangaa kikweli, naamini, akasema na yeye aliletewa na mtu aliyetoka nazo Kariakoo, akazinunua bila kupima, na moja ameiweka kwenye simu ya mama yake. Tukabaki tumesimama, wawili tulioibiwa na mtu mmoja ambaye hatumjui. Alinipa soksi jozi mbili za fidia. Moja ilikuwa na vidole sita. Sijui nilihesabu vibaya.

Kadi haikutupwa. Fundi aliifanya iwe ya GB 8 na ijitambue hivyo, nikaipachika kwenye redio ndogo ya mama, imejaa kwaya. Inaimba tangu alfajiri. Mama anasema hajawahi kupewa zawadi ya maana kama ile.

Mdogo wetu alicheka kuliko tulivyotarajia. Harusi yenyewe Mbinga ilikuwa na mpiga picha wao, hivyo hakubaki bila kitu. Aliomba picha moja tu ya siku ile, akaisafisha kubwa, akaitundika sebuleni kwake. Wageni humuuliza huyu mbuzi ni wa nani.

Tatizo limebaki shangazi. Kwa miezi miwili nilimwambia picha bado zinasafishwa. Ni mtu wa enzi za filamu, wakati picha zilikwenda kusafishwa mbali na mtu akasubiri. Lakini pia ni mtu aliyemkuta yule mpiga picha wa mitaani aliyezunguka Songea sikukuu ya Krismasi na kamera isiyo na filamu, anawasha flashi tu na kukusanya pesa. Juzi akaja kwangu bila taarifa. Alikuwa amevaa kitenge kilekile cha ndege, kilemba kilekile, na mkononi amebeba kipande cha nyama ya mbuzi kwenye kijiti.

“Niwekee kiti,” alisema. “Tunaanza na ile ya kumlisha bibi harusi. Mke wako atakaa pale.”

Mke wangu akakaa, mdomo wazi. Shangazi akanyoosha kijiti, akageuza uso kwangu, akatabasamu lile tabasamu lake la picha. Nikatoa simu, nikalenga, nikabonyeza. Trei sasa ina laini mbili, kwa usalama wa michango. Kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba nafasi imejaa.

Shangazi hakutikisika. “Umeshapiga?” aliuliza bila kufumbua meno.