Juu ya Chapati ya Maji Huwekwa Nini?

Waraka huu ni kwa watu wa Soni, na wa Lushoto mjini, na wa Mlalo kama basi limeshafika. Mtu wenu wa Berlin hajambo. Ujumbe wa mwisho kutoka nyumbani ulikuwa na maswali matatu: ameoa, kuna baridi, anakula? La kwanza lisubiri. La pili jibu lake ni ndiyo, tena sana. La tatu ndilo lililomkalisha mezani aandike, kwa sababu Berlin mtu anaweza kulala njaa na pesa anayo mfukoni, kwa kutojua tu jina la chakula.

Chanzo ni chapati ya maji. Kabla ya kupanda ndege alikuwa amejifunza neno Pfannkuchen, ambalo vitabu vya lugha hulieleza kuwa ni keki ya kikaangoni: unga, mayai, maziwa, moto. Akajisemea, hii naijua, nimekulia juu yake. Asubuhi ya tatu akaingia duka la mikate, akakohoa kidogo, akaagiza Pfannkuchen nne kwa Kijerumani chenye lafudhi safi ya Kisambaa. Akafungiwa maandazi manne. Maandazi ya mviringo, yamenyunyiziwa sukari, tumboni yana jamu. Akadhani ametamka vibaya. Kesho yake akarudi, akatamka polepole kama anayemfundisha mtoto, akapewa mengine manne.

Kumbe ulimi hauna kosa. Andazi lile sehemu nyingi za Ujerumani huliita Berliner, yaani la Berlin. Wenyeji wa Berlin, labda kwa kuona haya kula kitu chenye jina lao, wao huliita Pfannkuchen. Na kwa kuwa andazi limeshachukua jina la chapati ya maji, chapati ya maji imepewa jina jingine: Eierkuchen, keki ya mayai. Ni kama mtu ashuke stendi ya Tanga, aagize chapati, aletewe kitumbua, kisha aambiwe mgeni ni yeye.

Mkesha wa mwaka mpya mambo yalizidi. Usiku huo maandazi hayo hununuliwa kwa sinia, na utani wa wenyeji ni kulitia moja haradali badala ya jamu, kimyakimya, kisha kungoja. Mezani walikuwa watu kumi na mmoja. Mnajua lilimwangukia nani.

Msimwonee huruma mno, maana hakupotea mbali. Chumba chake kiko Wedding, kaskazini mwa jiji, kwenye mitaa ambayo Wajerumani waliipa majina ya Afrika. Kuna Usambarastraße, kuna Tangastraße, kuna Sansibarstraße. Akisema ametoka Usambara akafika Tanga kwa miguu bila kupita Mombo wala Muheza, msidhani baridi imempanda kichwani. Tangu Agosti 2024 sehemu ya barabara iliyokuwa Petersallee inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa heshima ya waliopigana vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Mtu anaishi jirani na Maji Maji, na chapati ya maji hapati.

Kubadili majina ni ugonjwa wao wa zamani. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao, kana kwamba bonde lilikuwa limekaa bila mwenyewe likimsubiri. Walipoondoka wakatuachia shule na hela, maneno yote mawili yametoka kwao: Schule, na Heller, ile sarafu ndogo. Shule mtu wenu anayo. Hela ndiyo iliyomleta huku aje kuitafuta.

Basi akaamua kupika mwenyewe. Dukani akakuta unga wa ngano una namba kama daladala: 405, 550, 1050. Akasimama pale akihofia kupanda unga usiofika kwao. Baadaye akaelezwa kwamba namba hiyo ni kipimo cha majivu. Unga huchomwa maabara, na miligramu za majivu zinazobaki kwa kila gramu 100 ndizo huandikwa kwenye pakiti. Namba ikiwa ndogo, unga ni mweupe na laini, wa keki. Ikiwa kubwa, pumba zimo, ni wa mkate. Kwa chapati ya maji 405 inatosha. Mama alipoelezwa haya kwa simu aliuliza jambo moja tu: unga wa watu wanauchoma, umewakosea nini?

Kisha maji. Kwetu maji ni maji. Huku, ukiomba maji mezani, unaulizwa: yenye gesi au yasiyo na gesi? Mtu wenu alidhani ni swali la walevi, mpaka alipogundua kwamba wapishi wengi wa Kijerumani humimina maji ya gesi kwenye rojo la Eierkuchen makusudi. Vipovu vinaingia kwenye unga, vinatanuka kikaangoni, chapati inakuwa nyepesi. Amejaribu, na kwa uchungu anakiri kwamba ni kweli. Ila gesi haingoji mtu. Ukikoroga kwa nguvu, au ukiliacha rojo muda mrefu, vipovu vimeshaondoka na umebaki na maji ya kawaida yaliyonunuliwa kwa bei ya soda.

Hapo ndipo kuna ugomvi wa kiufundi, maana rojo la nyumbani hutaka kupumzika. Shangazi anayewapikia watu wa gulio alimfundisha hivi: vikombe viwili vya unga, mayai mawili, chumvi ya kubana kwa vidole, sukari kijiko kimoja kama una wageni, maji kidogo kidogo hadi litiririke kwenye upawa bila kukatika. Halafu lifunike, ukafanye kazi nyingine nusu saa. Unga unakunywa maji, na ule mvutano unaoletwa na kukoroga unalegea. Asiyesubiri hula kandambili. Suluhisho la mtu wenu ni kukoroga rojo zito, kulipumzisha, na kutia maji ya gesi mwishoni, flampeni ikiwa tayari motoni.

Alifika hapo baada ya Jumapili moja ambayo ni lazima aisimulie yote.

Jumapili Lushoto ni siku ya gulio. Mtu akikosa yai siku hiyo amelikosa kwa uvivu wake. Berlin, Jumapili maduka hufungwa kwa sheria, isipokuwa machache ya kwenye stesheni na mfano wake. Mtu wenu alikuwa ameshapima unga, ameshapasha flampeni, ndipo akafungua friji akakuta haradali. Akatoka ukumbini akagonga mlango wa jirani, bibi mmoja wa makamo ya nyanya yake. Kijerumani hakina shikamoo, na hili lilimpa shida kubwa. Akaitoa kwa mwili: akainama kidogo, mikono mbele. Bibi naye akainama, akitafuta kilichoanguka.

Mayai alipewa, mawili. Lakini macho yalishafika dirishani. Pale palikuwa na vyungu saba vya ua dogo la zambarau, majani mazito yenye manyoya kama sikio la ndama. Akauliza jina lake. Bibi akajibu kwa fahari: Usambaraveilchen.

Tafsiri yake ni urujuani wa Usambara. Mtu wenu akaweka mayai mezani ili yasivunjike, akasema kwamba yeye anatoka Usambara. Bibi akamtazama kwa upole wa kumhurumia. Miaka yote aliyolimwagilia ua hilo alidhani Usambara ni jina la kampuni ya mbolea.

Habari ya ua hilo ni fupi na inajulikana. Mwaka 1892 mkuu wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona na kulituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa aliyelituma. Haki isemwe, chimbuko la lile la kwanza ni upande wa Tanga na Usambara Mashariki, siyo Soni, lakini mtu aliye ugenini Jumapili bila mayai hachambui mashariki na magharibi. Leo limekaa kwenye madirisha ya dunia nzima, limepata makazi ya kudumu bila kuhojiwa ubalozini.

Bibi akasema atakuja kuona chapati hiyo ya Usambara. Akaja na bakuli la matufaha yaliyopondwa. Ya kwanza ikashika, kama kawaida. Ya kwanza ni ya paka, hata kama nyumba haina paka. Ya pili mafuta yalizidi moto, na moshi ukapanda. Nyumbani moshi hutoka kwenye paa na jirani anajua kwenu mnapika. Huku dari ina king'ora cha moshi, na Berlin sheria imelazimisha kila nyumba ya kuishi iwe nacho. Kikalia. Mtu wenu akapanda kiti akikipepea kwa sinia, bibi akafungua dirisha, na nje ilikuwa chini ya sifuri. Ya tatu ndiyo iliyotoka sawa: nyembamba, madoa ya kahawia, kingo zimekauka kama ufito.

Zilipofika sita bibi akauliza swali ambalo mtu wenu hajawahi kuulizwa tangu azaliwe. Na juu yake huwekwa nini?

Akafikiri sana. Akajibu kweli tupu: juu ya chapati ya maji huwekwa chapati nyingine.

Bibi alisubiri aendelee. Hakukuwa na mwendelezo. Nyumbani unaizungusha kama mkeka, mkono wa pili una kikombe, umemaliza. Chai ndiyo kitoweo chake. Na hata chai huku ilimchoma ulimi wiki ya kwanza: Lushoto, kwenye mita kama 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Berlin ni tambarare, yanachemka karibu na 100 kamili. Mtu wa milimani hunywa kwa kujiamini kuliko anavyopaswa.

Lakini swali lile lilimkaa. Tangu siku hiyo amekuwa mchunguzi wa vitu vya juu ya chapati, na ripoti yake ni hii. Matufaha yaliyopondwa, ambayo Wajerumani huyapaka hata kwenye Kartoffelpuffer, yaani chapati za viazi vya kukwaruzwa na kitunguu. Viazi vya mafuta pamoja na epo! Alikasirika kwa niaba ya kila gunia la viazi lililowahi kupakiwa Lushoto kwenda Kariakoo. Kisha akala sita. Sukari na mdalasini ni nzuri, haina la kueleza. Ile krimu ya chokoleti ya kwenye chupa ni ya watoto na ya watu waliokata tamaa. Ndugu aliyeko Kanada naye ametuma kichupa cha asali ya mti wa mepo. Lita 40 za utomvu huchemshwa hadi ibaki lita 1, na mtu wenu huitia kwa kijiko cha dawa.

Wajerumani wa kusini, watu wa Swabia, hufanya jambo la kushangaza zaidi: huikatakata chapati iwe kama tambi na kuitia kwenye supu ya ng'ombe. Wenzake kazini walimwonyesha wakingoja ashtuke. Supu na chapati, kama asubuhi ya nyumbani! Aliwauliza kama wana ndimu na pilipili.

Lililomshinda ni la Waaustria. Wao hupika chapati nene, kisha kabla haijatoka kikaangoni huirarua vipande kwa makusudi, wanainyunyizia sukari na kuila na plamu zilizopikwa. Jina lake Kaiserschmarrn, na husimuliwa kwamba Kaisari Franz Joseph aliipenda. Fikirini. Kwa Shangazi, chapati ikiraruka unasemwa mpaka jioni. Kule ikiraruka inapewa jina la mfalme. Ila zile plamu zilimnyamazisha. Zilikuwa na ule uchachu wa plamu zinazouzwa kwa ndoo pale Soni, na kwa dakika nzima hakumjibu mtu aliyekuwa akimsemesha.

Kwa hiyo anayo anayoipenda sasa, na Shangazi asimcheke. Plamu nusu kilo, zitolewe kokwa, sukari vijiko vitatu, kipande cha mdalasini, maji kidogo, moto mdogo hadi zilegee lakini zisiwe uji. Chapati ya maji nyembamba, plamu katikati, izungushwe kama kawaida ili heshima ya mkeka ibaki. Ninyi mnazo plamu mlangoni, na jamu ya shamba la Irente ipo kwa asiyetaka kusimama jikoni, mjaribu. Siku asizo na hamu ya tamu hurudi kwa ile ya kitunguu, karoti ya kukwaruzwa na hoho ndani ya rojo, ambayo haihitaji kitu juu na haimwombi mtu ruhusa.

Jumapili ile, bibi alipoondoka, alichuma jani moja la ua lake akampa. Ua hilo halihitaji mbegu. Jani likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu linatoa mizizi. Mama alipoambiwa alikaa kimya, kisha akauliza kama ni kweli mwanawe amevuka bahari ili akapewe jani la kwao. Halafu akauliza la maana: na mayai ya watu umeyarudisha?

Jumatatu mtu wenu alinunua boksi la mayai kumi, akagonga mlango, akainama. Bibi, ambaye sasa ameshazoea, akainama pia. Akachukua mawili, akamrudishia manane, na akataka kujua Jumapili ijayo wataweka nini juu.